Tonge la Hezroni

Hezroni wa Busale analima mpunga, na wali wake anapenda kuula mwenyewe. Mkewe, Tusekile, akiweka sinia, Hezroni alikuwa hangoji kuitwa.

Mwaka huu wali ulianza kumkwama kifuani. Akinywa maji, nayo yanarudi. Suruali ikaanza kumvuka.

"Ni mwiba wa samaki, yule mbasa," alisema. "Nipe tonge kubwa niusukume."

Huku kwetu mwiba ukikwama, mtu humeza tonge bila kutafuna. Hezroni alimeza la kwanza, la pili, la tatu. Yote yakarudi.

"Mwiba gani huo wa miezi minne, Baba Prisca?" Tusekile akauliza. "Si ule ugonjwa uliopasuliwa miaka sita iliyopita?"

"Ule ulikwisha. Na mtu hapasuliwi mara mbili mahali pamoja. Mimi si kiatu."

Siku moja wakaja wakwe kutoka Ipyana kumposea kijana wao Prisca, binti wa Hezroni. Hezroni alimeza matonge mawili, akakimbilia nyuma ya migomba kutapika. Mzee Amon, baba wa kijana, akaacha kula.

"Mwenyeji anakimbia chakula chake? Kimewekwa nini humu?"

Wakaondoka bila kupanga siku ya harusi. Prisca alilia.

Kesho yake Tusekile alimfikisha mumewe zahanati. Muuguzi Generosa ametoka Bukoba, lakini alisalimia, "Ugonile, baba!" Hezroni akacheka, maana Kinyakyusa cha Generosa kilikuwa na miguu mibovu.

Alipomsikiliza, Generosa alisema, "Huu si mwiba. Chakula kinapita kwenye njia iitwayo umio. Mwisho wake, kwenye mlango wa tumbo, pana msuli unaofunga na kufungua. Wako haukufunguka, ukakatwa ili ulegee. Kwa watu wengine njia hubana tena."

"Na tonge?"

"Mlango umefungwa, wewe unarundika magunia. Utafunguka? Acha. Chakula kikirudi kitaingia mapafuni."

"Basi mimi ni wa uji mpaka kufa?"

"Nani kasema? Wengine hupanuliwa kwa puto maalumu. Wengine hupasuliwa tena. Mara ya pili ni kazi ngumu zaidi, ndiyo maana wataamua mabingwa. Nakuandikia rufaa. Karatasi za upasuaji wa kwanza zipo?"

"Nilizifunga pamoja na mbegu," Tusekile akajibu. "Nilijua hapo hazipotei."

Huko hospitali ya rufaa Mbeya alinyweshwa dawa nyeupe, akapigwa picha. Wakaingiza kamera kooni, wakasoma karatasi za zamani. Wakampasua tena. Alianza na maji, kisha uji, kisha vyakula laini. Wakamwagiza: kaa wima, tafuna sana, usilale ukiwa umetoka kula, rudi kliniki hata ukijiona mzima.

Mabingwa walipomruhusu wali, Tusekile aliwaita wakwe. Mzee Amon alikuja, uso bado mzito. Hezroni akachota tonge dogo. Akatafuna. Akatafuna tena. Likapita. Wote walikuwa wakimtazama shingo.

"Limefika," akasema.

Mzee Amon alimaliza sahani ya kwanza na ya pili. "Mkwe, tukungoje umalize kutafuna mpaka mavuno?"

"Ningojeni. Haya ni maagizo ya daktari."

"Ndaga, asante, mkwe. Basi sisi tupange harusi."

Wakapanga siku, wakachagua na ng'ombe wa mahari. Hezroni alikuwa bado anatafuna, akaitikia kwa kichwa.