Nani Atapokea Zamu ya Babu?

Hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sijaongeza chumvi hata punje. Anayebisha na aje tubishane. Nimestaafu, muda ninao.

Kila siku saa kumi jioni Chiriku alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akachungulia jikoni kuona kumepikwa nini, kisha akatandaza madaftari yake sebuleni. Alikuwa darasa la sita. Waliompa jina hilo la ndege mpiga kelele hawakumwonea: akianza kuongea, hata redio ilinyamaza kumpisha. Lakini miezi ile, ikishafika saa kumi, hakuna aliyeweza kuongea wala kusoma. Babu alikuwa ameshaanza.

Babu, baba mzazi wa mama yake, alikuwa mlinzi wa mchana katika kiwanda cha misumari kwa miaka thelathini na mitano. Sasa umri ulikuwa umekwenda, na maradhi ya kusahau yalikuwa yamemwingia. Asubuhi alikuwa mpole, ungeweza kumsahau kitini. Jua likianza kuteremka, alisimama. Akaenda getini, akatikisa kufuli. Akarudi, akatikisa mlango wa jikoni. Akatikisa madirisha. Akatikisa kabati la vyombo. Kiunoni alining'iniza funguo kuukuu zisizofungua chochote, nazo zikalia cheng, cheng, cheng, kwenda na kurudi.

"Babu, keti basi kidogo," Chiriku alisema.

"Nikiketi mimi, atasimama nani?"

Na getini tena. Jirani aliyekuja kuazima ndoo alizuiwa kutoka mpaka apekuliwe kikapu.

Jumatatu moja Chiriku alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa hesabu. Cheng, cheng, cheng. Babu alipovua mkanda ili anawe, Chiriku alizichomoa zile funguo, akazizika ndani ya debe la unga. Zikinyamaza hizi, alijiambia, na yeye atatulia.

Lo! Babu alijipapasa kiunoni, akajipapasa tena. Mara mito chini, sufuria chini. "Nimeibiwa! Nitafukuzwa kazi!"

Mama aliacha cherehani yake, akamshika mkono. "Baba, kazi gani? Ulistaafu zamani. Kile kiwanda kilishavunjwa!"

"Muongo wewe!" Babu alimsukuma. Mama akaanguka na kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza.

"Chiriku, umeziona funguo za babu yako?" Mama aliuliza akiwa bado sakafuni.

"Sijaziona."

Hakuongeza neno, naye hakuwa mtu wa kujibu kwa neno moja.

Kesho yake alikuja mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Alikitazama kile kiwiko kilichovimba, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hapa hapakaliki tena. Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu kuna chumba cha uani, kina komeo kwa nje. Na dukani hawakosi vidonge vya kumlaza."

Chiriku alisikia kila neno. Babu afungiwe komeo kwa nje? Na yeye ndiye aliyezificha funguo.

Jumatano alipotoka shule alipitia zahanati, kwa yule muuguzi aliyezoea kumpima Babu shinikizo la damu. "Shikamoo," alisema, kisha akayamwaga yote bila kupumua.

"Marahaba. Funguo ziko wapi sasa?"

"Kwenye unga."

"Mrudishie leo hii. Na mama yako mweleze ukweli leo hii." Muuguzi alimvutia kiti. "Sikiliza. Mtu mwenye maradhi haya hasumbui kwa kusudi. Kuna kitu anakitaka, na maneno ya kukisema yamempotea. Pengine ana njaa, pengine anataka kwenda msalani, pengine ana maumivu. Kwanza tunatafuta sababu. Vidonge havinunuliwi ovyo. Hayo ni ya daktari kuamua. Usibishane naye. Tembea naye, muulize swali moja, kisha unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Najua, kwako huo ni mtihani mkubwa kuliko wa hesabu."

Jioni ile Chiriku alikiri. Mama alimkemea vilivyo, kisha wakazipangusa funguo pamoja.

Alhamisi walimpa Babu chakula mapema. Wakamkumbusha msalani. Wakamkagua miguu, isije ikawa ina kidonda. Wapi! Saa kumi alisimama. Safari hii Chiriku alisimama naye. Geti, jikoni, madirisha, kabati. Geti, jikoni, madirisha, kabati. Walipofika getini mara ya tisa, Babu alinyoosha shingo kutazama barabara.

"Babu, unamngoja nani?"

Maneno yalimjaa Chiriku mdomoni, akayang'ata.

"Wa zamu ya jioni," Babu alisema mwishowe. "Saa kumi na mbili hiyo inafika, na mtu haonekani. Mlinzi haachi lindo mpaka aweke funguo mkononi mwa mwenzake. Ukiondoka geti halina mtu, kazi huna."

Chiriku aliduwaa. Kumbe miezi yote hiyo Babu alikuwa zamu, na hakuna aliyekuja kumpokea!

Ijumaa, saa kumi na mbili ilipokaribia, alitokea mlango wa nyuma akiwa amevaa koti kubwa la Mama na kofia. Akazunguka, akagonga geti.

"Nani?"

"Zamu ya jioni, mzee. Shikamoo."

Babu alimkagua kutoka kofia hadi ndala. "Siku hizi wanaajiri wasichana?"

"Ndiyo, mzee."

"Afadhali. Wale wavulana walikuwa wakilala wima."

Akamzungusha nyumba nzima, akitaka kila kufuli lihesabiwe kwa sauti. Akadai daftari. Chiriku akaleta la hesabu, akaandika alivyoamriwa: Geti limefungwa. Hali shwari. Ndipo Babu alipofungua mkanda, akazitazama funguo, akaziweka katika kiganja cha msichana. Mabega yake yakashuka.

"Haya. Mimi nimetoka kazini. Nina njaa."

Aliketi, akala. Katikati ya kula akaona kiwiko cha Mama. "Nani kakuumiza, mwanangu?"

"Niligonga meza, baba," Mama alisema, akageukia dirishani.

Jumamosi mjomba alikuja na gari la kukodi. Mama akamsihi angoje hadi saa kumi na mbili, akamvisha lile koti, akamsukumia nje ya geti. Gari liliondoka bila Babu. Muuguzi, aliyepita kuwajulia hali, aliyaona yote.

"Lakini si tunamdanganya?" Chiriku alimuuliza pembeni.

"Uliposema hujaziona funguo, ulikuwa unajikinga wewe, na mzee akateseka. Sasa unamfuata alipo, maana yeye hawezi tena kurudi tulipo. Kuna siku njia hii itagoma, na mtatafuta nyingine. Ila msimshinde kwa mabishano. Tafuteni anachokitafuta."

Na mjomba? Mjomba alihesabu makufuli yote bila kukosea, akasifiwa kuwa hajapata kuonekana mlinzi hodari kama...

"Mjomba!"

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Babu alikukataa," alisema. "Ulikosea hesabu, akakurudisha kuzunguka upya mara tatu."

"Mara mbili."

"Tatu! Na hapo juu umeandika kweli tupu. Utapokea zamu wiki nzima, kuanzia leo."

Sina la kujitetea. Nimelivaa koti. Saa kumi na mbili inakaribia, na baba yangu yuko getini, ananingoja.