Nyumba Hii Ina Mke

"Mtoe huyo mzee hapo."

"Mzee yupi?"

"Huyo kwenye fremu. Na huyo wa pembeni aliyeshika baiskeli. Watoe wote."

"Dada Limbu, wote wawili ni baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema atoke. Mtu akija kununua nyumba hataki kutazamwa na baba wa mtu mwingine."

Joakim alishika zile fremu kifuani, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyeambiwa amtoe mgonjwa nje kwenye baridi. Limbu alimwona, akajifanya hajamwona. Huruma ingekuja baadaye. Kwanza kazi.

Kazi yenyewe watu wa Bariadi walikuwa bado wanaicheka. Limbu alitoka kwao Kimali, kule Meatu kwenye ng'ombe, akasomea upambaji wa majumba Mwanza, akarudi na stashahada na msimamo mmoja: nyumba haiuzwi ikiwa imelala, iamshwe kwanza. Majirani walisema, "Ati analipwa kuhamisha vitabu!" Shigela dalali hakucheka. Nyumba ambazo Limbu alizipanga zilitoka haraka, na Shigela hakuwa mtu wa kucheka riziki.

Hii ilikuwa ya marehemu Mwalimu Method. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa kabati la vitabu, mbao za mninga kutoka sakafuni hadi juu, vitabu vimebanana kama abiria wa basi la mnadani. Mwalimu alifariki mwaka jana. Mkewe, Mama Nyanjige, alihamia kwa bintiye Maswa, mtaa wa Binza. Joakim, mtoto wa kiume pekee, alikuwa mpima viwanja Dodoma. Alichukua likizo aje auze, afunge mlango, arudi.

Limbu alivua viatu, akaketi chini katikati ya sebule, akatulia.

"Sasa unafanya nini?"

"Naota."

"Macho wazi hivyo?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi, kaka. Naketi mpaka nimwone mtu atakayeishi hapa. Nikishamwona, najua vitabu vyake vikae wapi."

"Umeshamwona?"

"Bado. Nyamaza."

Ulikuwa msimu wa pamba. Malori yalipita barabarani kuelekea kiwandani yakiwa yamejaza mpaka juu, na kila lori lilipopita pazia lilivuta pumzi, likaachia nyuzi nyeupe zikaelea ndani kwenye mwanga wa jioni, polepole, kama vitu visivyo na haraka ya kufika chini. Limbu alizifuata kwa macho. Akamwona mwanamke amesimama mbele ya shelfu bila viatu. Mkono wake unapapasa vitabu bila kuvisoma. Sauti ya mwanamume kutoka chumbani inamwuliza neno fulani lina maana gani, naye anacheka kabla ya kujibu. Akamsogelea mwanamke yule amtazame uso.

Ulikuwa uso wake mwenyewe.

"Umemwona?" Joakim aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," Limbu akasema, akasimama haraka akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Yule kaka alikuwa mpole, anaosha vikombe bila kuambiwa, akicheka anaangalia chini. Na Limbu hakuwa mtoto, alijua moyo wake umeelekea wapi. Lakini kadiri atakavyoipendezesha ile nyumba ndivyo mtu huyu atakavyoondoka mapema. Akiharibu kazi, jina lake limekwisha mjini. Akiifanya vizuri, anamfungashia mizigo kwa mikono yake.

Akaamua kuifanya vizuri. Hakujua njia nyingine.

Kutwa nzima ya kesho yake walishusha vitabu pamoja. Limbu alifundisha huku akifanya: vizito chini, vingine visimame, vingine vilale, na katikati paachwe wazi.

"Hewa," alisema. "Shelfu isiyo na hewa inamchosha mtu kabla hajaketi."

"Baba angekufukuza. Kwake nafasi wazi ilikuwa deni la kitabu." Joakim alifungua kamusi kuukuu, akanusa kurasa. "Wakati wa kula alikuwa anatuuliza maneno. Ukikosa, unalitafuta mwenyewe humu, ugali unapoa."

"Niulize."

"Nini?"

"Niulize neno, nione."

Akafunua kurasa, akachagua. "Shauku."

"Hilo la kitoto. Kutaka kitu mpaka unakosa raha."

"Kamusi inasema hamu kubwa."

"Kamusi haijawahi kutaka kitu."

Joakim alicheka, akaangalia chini. Halafu hakucheka tena.

"Limbu, unajua Dodoma jioni nawasha televisheni ili tu chumbani kuwe na mtu anayeongea?"

"Si urudi nyumbani?"

"Nije kufanya nini? Nyumba yenyewe imenyamaza tangu mzee aende."

"Leo imenyamaza?"

Joakim alifunga kamusi. Mlango wa mbele ulisukumwa, akaingia Mama Nyanjige na mkoba wake, amekuja kutoka Maswa kuiaga nyumba yake.

"Mwadila, mayu," Limbu alimsalimia kwa Kisukuma akipiga goti.

"Mwadila. Wewe ni wa nani, binti?"

"Wa mzee Sayi, Kimali. Mimi ndiye ninayepanga hapa."

Uso wa mama ulichanua. "Unapanga! Joakim, mbona hukuniambia nyumba imepata mpangaji? Umempa chumba kipi?"

"Sipangi chumba, mama. Napanga vitabu."

"Vitabu? Vimekosa pa kulala?"

Wote walicheka mpaka Joakim akakaa chini. Lakini mama alipomaliza kucheka alimtazama yule binti, akamtazama mwanawe aliyekuwa anajifuta machozi ya kicheko, akasema polepole kwa Kisukuma jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Kisha akaenda kupika.

Jioni kabati lilikuwa limependeza, ila pale kati, kwenye ile hewa, palikataa. Limbu alijaribu chombo cha maua, kikawa kama cha ofisini. Alijaribu maua ya plastiki, akayatupa mwenyewe. Akapanda bodaboda mpaka kwake, akarudi na kibuyu cha kusukia maziwa alichopewa na mama yake siku anatoka Kimali, kimesuguliwa kwa miaka mpaka kinang'aa kama ngozi ya mtu. Akakiweka. Nyumba nzima ikatulia.

"Nawaazima kwa kesho tu," alisema. "Wateja wakitoka, naondoka nacho."

Mama Nyanjige alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alikitazama kibuyu, akamtazama Limbu.

"Umekiweka wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama. Ni pambo tu."

"Haya," alisema mama. "Pambo."

Asubuhi Shigela aliwaleta wateja: Mahona, mnunuzi wa pamba wa Kasoli, na mkewe Felisita, mwanamke mnene mwenye macho yasiyokosa kitu. Mahona alizunguka nyumba akigonga kuta. Alizipenda. Aligonga milango, akaipenda. Shigela alishaanza kutabasamu kwa meno yote.

Felisita alikuwa amesimama mbele ya kabati. Alikitoa kibuyu, akakifungua, akanusa. Kilinuka moshi na maziwa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi hapa, mama," Joakim alijibu.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenye kibuyu. Hiki kinatumika. Mkeo yuko wapi?"

"Sina mke."

"Baba, mimi nimezaliwa kwenye zizi. Mwanamke hakiachi kibuyu chake kwenye nyumba asimolala." Akamgeukia mumewe. "Mahona, nyumba hii ina mke. Kijana anauza mwenzake hayupo. Kesho huyo mwanamke atakuja hapa na mwenyekiti wa mtaa, na mimi nitakuwa jikoni kwake nimeshika sufuria lake."

"Jamani, hicho ni pambo!" Shigela alipiga kelele. "Mwambie, dada Limbu! Ni pambo!"

Wote walimgeukia. Limbu alifungua mdomo. Ilikuwa sentensi nyepesi: *ni changu, ni cha mapambo, huyu hana mke*. Ingemaliza biashara palepale. Alimtazama Joakim.

"Kibuyu ni changu," alisema. Na nusu ya pili haikutoka.

Felisita aliachia mguno mrefu. Mahona akavaa kofia yake.

"Ndugu yangu," alimwambia Joakim kwa upole, "kamalizeni kwanza ya ndani. Mkielewana, mtupigie."

Gari lao lilipoondoka, Shigela alikuwa wa kwanza.

"Dada, umeninyonga! Neno moja tu lilitakiwa! Moja!" Akatoka akiongea na simu ambayo haikuwa imepigwa.

Wakabaki wawili.

"Ulifanya makusudi?" Joakim aliuliza.

"Kukiweka, hapana. Kunyamaza, ndiyo."

"Kwa nini? Hii ni kazi yako. Hii ni nyumba yangu. Nilikuamini."

"Unataka nikueleze au unataka kunigombeza?"

"Nieleze!"

"Juzi uliniuliza kama nimemwona mtu wa kuishi hapa, nikakwambia hapana. Nilimwona. Ni mimi. Na wewe ulikuwa chumbani unaniuliza maneno." Alijipangusa mikono. "Basi. Nimeharibu, samahani. Malipo sitaki. Fremu za baba yako ziko juu ya kabati la nguo, zirudishe mwenyewe."

Alichukua kibuyu, akaondoka bila kugeuka. Aligeuka moyoni tu, na huko hakuna aliyemwona.

Siku zilizofuata zilipita kama usingizi wa mchana, ule ambao ukiamka hujui ni asubuhi au jioni. Alipanga duka la mtu, hakukumbuka alichopanga. Nyuzi za pamba zilielea kila mahali mjini, kwenye nyaya, kwenye nywele za watoto, naye kila alipoziona alisimama kidogo, kisha akajikemea kwa sauti, "Limbu, tembea!"

Halafu simu ikatetemeka.

*Njoo. Kabati limeharibika.*

Akajibu: *Mtafute fundi.*

*Fundi haliwezi.*

*Limefanya nini?*

*Njoo uone. Tafadhali.*

Alikwenda akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Akakuta mlango wazi. Kabati lote lilikuwa tupu, vitabu vimerundikwa sakafuni kama mavuno, na Joakim yuko katikati yake, miguu mitupu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Umefanya nini? Kazi yangu yote!"

"Ile ulimpangia mnunuzi. Nimemwambia Shigela nyumba haiuzwi."

"Na Dodoma?"

"Viwanja vinapimwa hata Simiyu. Nimeshaomba kuhama. Wakikataa, nitapima vya watu binafsi." Alipangusa vumbi kwenye kope. "Mama alisema kitu siku ile tulipocheka. Hukusikia?"

"Nilisikia sauti tu."

"Alisema, 'Nyumba imeongea.' Mimi nilisikia, nikajifanya nimekaa kwa sababu ya kucheka. Limbu, nilikasirika kwa sababu yule mama aliona kwa pua kitu ambacho mimi nilikuwa nakiona kwa macho na kuogopa."

"Kuogopa nini?"

"Kwamba ungesema ni pambo tu."

Lori lilipita nje. Pazia likavuta pumzi.

"Sasa unataka nini, Joakim? Sema vizuri. Mimi sijui kusoma katikati ya mistari, nimesomea mapambo."

"Nataka uishi hapa. Vitabu viweke unavyotaka. Hata nje."

Limbu alicheka, machozi yakamtoka na kicheko, akayafuta kwa kiganja kilichojaa vumbi, uso ukawa mchafu. Joakim alinyoosha mkono amfute. Limbu akaurudisha mkono ule taratibu.

"Hapana. Mimi siombwi juu ya rundo la vitabu. Nina baba. Nenda Kimali."

"Lini?"

"Ukishaoga."

Mzee Sayi aliwapokea nje ya zizi, ng'ombe wanaingia, vumbi la Meatu limegeuka dhahabu kwenye jua la mwisho mpaka watu walionekana kama wanatembea ndani ya asali. Joakim alikaa kwenye benchi kati ya mama yake na mjomba wake, amenyooka. Salamu zilikwenda, zikarudi, zikauliza mvua, zikauliza mifugo. Ndipo mzee akamgeukia kijana.

"Nasikia una nyumba Bariadi."

"Ninayo, baba."

"Nimesikia pia inauzwa. Mimi binti yangu simpeleki kwenye nyumba inayouzwa."

"Ilikuwa inauzwa, baba. Haiuzwi tena."

"Nani ameizuia? Serikali?"

"Mwenye nyumba mwenyewe, baba. Amekaa jikoni kwako."

Mjomba alishtuka. Mama Nyanjige akainamisha kichwa kuficha mdomo. Mzee Sayi alimtazama kijana muda mrefu, wakati ng'ombe wa mwisho akiingia na kengele yake ikisikika polepole hadi ikanyamaza.

"Limbu!" aliita. "Njoo hapa."

Alitoka jikoni amejifunga kanga mbili, macho chini kama inavyopasa, ingawa kila aliyemjua alijua haikuwa kawaida yake.

"Hawa wageni wanasema wamekuja kwa ajili yako. Huyu kijana unamfahamu?"

Limbu aliinua macho. Joakim alikuwa ameoga kweli, amevaa shati jeupe, nalo vumbi la njia limelipa rangi ya ardhi ya Meatu. Alimtazama mpaka mjomba akakohoa.

"Namfahamu, baba," alisema. "Na mama yake anaona baridi. Waingizeni ndani."