Nywila ya Mzee Cornel

Masalu, rafiki yangu, akilisimulia hili hacheki. Mzee Cornel, msimamizi wa kanzidata ya kiwanda cha kuchenjua dhahabu karibu na Kahama, alifukuzwa kazi akiwa mgonjwa, akafa. Ofisini hakuna aliyekanyaga msibani. Masalu naye aliogopa kibarua chake kuota nyasi. Kuja kushtuka, nywila ya kanzidata marehemu kaondoka nayo.

“Ivunje leo,” bosi Juliana alimwambia Masalu. “Mimi nataka mfumo, habari za marehemu sizitaki.”

Masalu akajifungia kwenye chumba cha seva kisicho na dirisha. Kanzidata ilikaa kwenye mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya nyingine. Aliiwasha kwa njia isiyodai nywila ya zamani, ikabaki kuandika mpya tu.

Umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, giza likajaa. Mikono ya Masalu ilikuwa mapajani, lakini alisikia vitufe vikibonyezwa, taratibu, kwa vidole viwili, kama alivyochapa Cornel. Salamu ikamponyoka, kama kila asubuhi alipomkuta pale: “Shikamoo, mzee.”

Vitufe vikatulia. Umeme uliporudi, kwenye nafasi ya nywila, ambako herufi hujificha kuwa vidoti, palisomeka waziwazi: Marahaba, Masalu. Mbona hukuja kunizika?