Zimwi la Uwanja wa Gofu

"Shika ngazi vizuri, nikianguka nakuangukia wewe!"

Mchora mabango alikuwa juu ya ngazi ya chuma, gauni lake la njano limetapakaa rangi, akiandika alama za wachezaji kwenye ubao wa nje wa klabu. Chini watu walijaa tele. Mchezaji mmoja wa shati jeupe ndiye aliyeidaka ngazi ilipoyumba.

"Anguka tu, mrembo. Ila hapo umeandika pa. Nimepiga bogi."

"Bogi ni mdudu gani?"

"Zimwi! Pa ni mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari kwa shimo moja. Ukizidisha mmoja, bogi. Zamani Waingereza waliimba juu ya zimwi linalojificha, wakasema ndilo wanaloshindana nalo."

"Na ukipunguza?"

"Mmoja ni bedi, ndege. Wamarekani waliita ndege kitu chochote kizuri. Miwili ni igo, yaani tai. Mitatu ni albatrosi, ndege wa baharini, adimu kama wewe."

"Muongo mkubwa!" alisema, lakini namba ya simu akampa.

Walipendana, wakaongea mpaka simu zikachemka. Kitu kimoja tu kilimnyima binti usingizi: radi. Msimu uliopita ilimuua mbeba mikoba ya wachezaji uwanjani hapo.

"King'ora cha radi kikilia, natupa fimbo nakimbia," mpenzi wake aliapa.

Siku ya fainali mbingu ikawa nyeusi. King'ora kililia, binti akashuka ngazi na kukimbilia ukumbini. Wachezaji wakarudi wameloa chapachapa, mpenzi wake hayupo.

"Alikuwa anaongoza," mmoja alisema. "Labda kabaki amalizie."

Binti alipiga simu, imezimwa. Kanidanganya, aliwaza, kachagua kikombe! Hata hivyo alitoka nje kwenye mvua, akitetemeka kwa kila ngurumo.

Alimkuta mpenzi wake chini ya ubao wa alama, analiita jina lake kwa sauti iliyokauka.

"Mwendawazimu! Unafanya nini hapa?"

"Nilidhani bado uko juu ya ngazi ya chuma!"

Walikumbatiana, wakakimbilia barazani.

"Nioe—" alianza binti.

"Hapana, mimi ndiye wa kuuliza. Utakubali nikuoe?"

Radi ikapasua anga. Binti akamziba mdomo.

"Usiniulize sasa. Naogopa, nitakubali chochote. Uliza ikinyamaza."

Wakangoja. Ngurumo zikaenda mbali, zikafifia, zikaisha. Binti akamgeukia. Mwanamume alikuwa anakamua maji kwenye shati lake.

"Mbona huulizi, mpenzi?"

"Naogopa."