Chumba cha Mama Uani

Mshonaji alikuwa na kijicho, tusifichane. Wifi yake, dada wa mumewe, alimjengea mama yao chumba uani kwake, chenye ngazi tatu na vigae vinavyong'aa. Mama akahamia huko. Kila jioni mume wa mshonaji alikwenda kumsalimia, akarudi anasifu.

"Chumba kama hoteli!"

"Haya, tumesikia," mshonaji alijibu, akikanyaga cherehani kwa nguvu. Roho ilimuuma. Alimpenda mama mkwe wake, na alitaka akae kwake.

Akamwita fundi wa ujenzi.

"Nataka ngazi tano. Na vigae ving'ae kuliko vya wifi!"

Fundi akacheka. "Dada, atakayekaa humu ni mama au wifi?"

"Mama, bwana! Swali gani hilo?"

"Basi mlete kabla hatujachimba."

Siku hiyo fundi alichora chumba chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi. Mama mkwe akaja na mkongojo wake, akapita palipochorwa mlango. Mkongojo ukavuka mstari.

"Hapa ningegonga ukuta," alisema.

Fundi akafuta, akapanua mlango. "Na ngazi, mama?"

Mama akashika goti. "Ngazi siziwezi. Kwa binti yangu nashinda ndani. Vigae navyo vikilowa vinateleza. Sijamwambia, atasononeka."

Mshonaji alifurahi moyoni. Kisha akaona haya, maana yeye alitaka ngazi tano!

Chumba kikajengwa bila ngazi. Kilikuwa na mteremko mdogo, mlango mpana, na vigae visivyoteleza. Bafuni kulikuwa na vyuma vya kushika ukutani. Mlango wa bafu ulifungukia nje.

"Mtu akianguka ndani, hawezi kuuzuia," fundi alieleza.

Mama akahamia. Wifi alikuja kumwona, uso umemvimba kwa wivu. Mama akatoka mwenyewe mpaka getini kumpokea.

Wifi akaduwaa. "Mama! Mbona kwangu hukutoka hata siku moja?"

Mama akamweleza yote. Wifi akafuta machozi, akamgeukia mshonaji.

"Nipe namba ya fundi wako."

Mshonaji akasita. Huyu akitengeneza kwake, mama si atarudi huko? Hata hivyo, akaitaja namba.

Mama mkwe alimtazama, akacheka.

"Usinune, mwanangu. Nitakwenda kwake, na kwako nitarudi. Kwa miguu yangu mwenyewe."