Ukuta Chini ya Mchicha

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Nyevu alikuwa kondeni kwake mtaani Tudor akimwagilia mchicha. Konde lenyewe dogo, lakini ndilo lililowalisha. Kibarua cha mumewe Kingi huko bandarini Shimanzi leo kipo, kesho hakipo.

Siku moja alichimba shimo apande mgomba. Jembe likagonga kitu, ngo! Akafukua. Lahaula! Ulikuwa ukuta wa mawe ya matumbawe, umepakwa chokaa.

"Jiko letu limepata mawe!" Kingi, aliyekosa kibarua siku hiyo, akachekelea. "Tuyang'oe upesi. Watu wakijua, konde litachukuliwa."

Nyevu akaingiwa na hofu. Konde likienda, watoto watakula nini? Basi wakang'oa. Na Nyevu naye, haoni kitu kichafu akakiacha! Aliyasugua mawe yote yakang'ara, akayapanga mlangoni.

Jioni akapita jirani yao Maisara, mama wa makamo anayefanya kazi makumbusho.

"Hodi! Hujambo, Nyevu?"

"Sijambo, Bi Maisara. Karibu."

Maisara akayaona mawe, akashika kiuno. "Lo! Umeyaosha?"

"Nimeyaosha. Nimekosea?" Machozi yakamlenga Nyevu.

"Hukujua, mwanangu. Hapa palikuwa na nyumba ya kale. Jiwe likiwa mahali pake, hutuonyesha chumba kilikuwa wapi, mlango wapi. Hata udongo uliousugua ungetufunza jambo. Ukikuta kitu kama hiki, acha kuchimba, usitoe kitu, tuite."

"Na konde langu?"

"Aa, kumbe hilo ndilo likukeralo! Siwezi kukuahidi nisilolijua. Lakini wenzangu wakija nitasimama nawe, tuwaulize pamoja."

Akatimiza. Wenzake wa makumbusho wakaja, wakapima, wakapiga picha. Kisha wakaufukia ukuta uliobaki, wasije watu wakaubomoa. Kingi mwenyewe, kichwa chini, ndiye aliyebeba mchanga.

"Konde ni lako, endelea kulima," wakamwambia Nyevu. "Hapa juu panda mchicha, mizizi yake mifupi. Migomba ipande kule mbali, isibomoe ukuta."

Nyevu akamkumbatia Maisara, akalia kwa furaha wala hakuona haya.

Mchicha ukastawi. Siku moja wakila, binti yao Joy akauliza, "Mama, ile nyumba ya chini ni ya nani?"

Nyevu akamwongezea mboga. "Ya majirani zetu, mwanangu. Wao walitangulia tu kuhamia."