Kibetri Mfukoni mwa Kipanga

Mwizi alishuka ngazi tatu tatu. Kipanga nyuma yake, bastola ya Beretta mkononi, suruali ya ufagizi ikimbana magoti.

"Amebeba?" redio ilikoroma sikioni.

"Amebeba."

"Mdake kabla hajamfikia mnunuzi!"

Kipanga alicheka moyoni. Haraka ya nini? Alichobeba yule bwana kilikuwa kibetri bandia, kidogo kama kifungo cha koti. Kile halisi, chenye unga wa siri uliowatoa udenda matajiri wa ng'ambo, kilikuwa mfukoni mwake yeye tangu jana mchana.

Ujanja huo hakufundishwa na mtu.

Maegesho. Land Cruiser nyeusi, injini inanguruma, mnunuzi ndani.

Risasi moja. Tairi la mbele likakaa chini.

Ya pili haikuhitajika. Mwizi alishalala kifudifudi bila kuambiwa.

"Usiniue, kaka!"

"Kaka yako nani? Lete mikono."

Pingu zikalia, za mwizi na za mnunuzi wake.

Kwisha kazi.

Kipanga alipanda maabara akipiga mluzi. Profesa, ambaye kila mtu alimwita Mama, alikuwa ameketi mbele ya mashine yake. Miezi yote aliyojifanya mfagizi, mama huyu alimchangamsha kwa vitendawili huku yeye akipiga deki. Siku moja alianza:

"Kitendawili!"

"Tega, Mama."

"Wapangaji wangu huhama, hurudi, nyumba ndiyo inayochoka."

"Nimeshindwa."

"Betri, mwanangu! Ukichaji, ioni, zile chembe za umeme, zinatoka upande wa chanya. Ukiitumia, zinarudi. Nenda rudi, nenda rudi, mwisho nyingine zinakwama, betri inakufa. Nataka kuziona palepale zinapokwama."

Ndiyo maana eksirei ilikimulika kibetri kile tangu mwaka jana, kikichajiwa, kikitumika, bila kupumzika. Kipanga aliitikia tu siku ile. Macho yake yalikuwa kwenye kufuli za madirisha.

"Mama," alisema sasa, "mimi si mfagizi. Ni mtu wa usalama. Shika. Hawakukipata."

Akamwekea kibetri kiganjani, kifua mbele.

Mama alikigeuza kiganjani.

"Ulikichomoa lini?"

"Jana mchana."

"Kikiwa kinachajiwa?"

Kipanga aligeuka kuitazama mashine.

"Ioni zilikuwa zimeanza kukwama, mwanangu. Mara mstari wa vipimo ukalala kwenye skrini. Nikajua ni mkono wangu huu wa kizee umegusa waya. Asubuhi nimewaambia wenzangu nimeharibu kazi ya wote. Wamo ukumbini, wanajadili nistaafishwe."

Hakumfokea. Laiti angemfokea! Uso wa Kipanga uliwaka, akatamani sakafu aliyoipiga deki mwenyewe immeze.

"Kipanga," redio ikakoroma, "kazi safi. Toka hapo. Usijieleze kwa yeyote."

Akaenda ukumbini. Makoti meupe yakageuka.

"Samahanini, wakubwa. Mama hana kosa. Mimi ndiye niliyechomoa kibetri. Nikaweka kingine ili isijulikane."

"Wewe mfagizi?" mmoja akapayuka. "Mpumbavu! Unajua umetuvunjia nini?"

"Sasa najua, mzee."

"Na yeye akajibebesha lawama zako! Huoni haya?"

"Naona."

"Potea!"

Akatoka polepole, mabega yamenyooka kama kawaida yake, masikio yanaungua.

"Kipanga!" redio ikafoka. "Umewaambia nini hao?"

Alikivuta kile kidude sikioni, akakizima, akashuka ngazi moja moja.